Ukurasa wa Kushoto

Nilifika kwa Obedi mkono wa kulia una ugali. Tulikuwa tunakula, saa saba mchana, migebuka ya kukaanga na mchicha, mama mkwe wangu amekaa mkekani kanyoosha miguu, na mwanangu Tumaini wa miaka mitano kakaa katikati yetu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Katumba kupumzika kwangu, mwezi wa pili tangu tumzike mumewe. Alichukua kichwa cha samaki, akakitazama, akasema marehemu alikuwa hataki mtu mwingine aguse kichwa, alikuwa anakifyonza mpaka macho. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Kabla hajamaliza, Tumaini akatoa mkono kwenye sahani, akajaza tumbo upepo, akatoa sauti nene ya mwanamume mnene: "Mzee wako hakufa kwa ugonjwa, bibi. Alikufa ili apumzike na mdomo wako." Kisha akacheka kile kicheko cha kukoroma mwishoni, akatuangalia mmoja mmoja, akisubiri na sisi tucheke.

Mama mkwe alirudisha kichwa cha samaki kwenye bakuli, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Mana yanje," alisema kwa lugha ya kwao, Mungu wangu. Hakumwangalia mtoto. Aliniangalia mimi. "Mama Tumaini, mtoto wa miaka mitano hatungi maneno. Anayasikia." Nikajibu haraka, "Ni watoto wa jirani, mama. Wa Mama Zawadi. Ndiyo wanaomharibu." Akatikisa kichwa. "Basi Jumapili Yosia akirudi nitamwambia niondoke na mjukuu wangu. Atasoma Katumba. Kule hakuna majirani wa namna hiyo." Yosia ni mume wangu, alikuwa Ugalla ananunua asali, na namjua: mama yake akitaka kitu katika msiba huu, hamkatalii. Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu wa awali alishaniita mara mbili kwa midomo ya mtoto. Nilishachapa, nilishabembeleza, nilishazima tivii wiki nzima. Siku ile kitu kilikatika ndani yangu, nilikisikia. Nikachomoa flashi ya katuni za Obedi kwenye tivii, nikatoka hata mikono sijanawa.

Banda la video la Obedi liko nyuma ya mashine ya kusaga. Mbele lina dirisha la kuingizia sinema kwenye flashi na memori kadi, nyuma lina mabenchi ambapo anaonyesha mpira, na muvi za nje alizozitafsiri kwa sauti yake mwenyewe. Nilikuwa sijakanyaga pale miaka sita. Ndani kulikuwa na watoto, nawasikia wanacheka.

"Obedi! Toka nje!"

"Ala! Agripina?" Alichungulia dirishani, amenenepa, kipara kimeanza kumla. "Miaka yote hii umepotea, leo unakuja na ugali mkononi? Ungeleta na mboga basi."

"Usinichekeshe. Haya maneno ya kumtukana mjane umeyatoa wapi?"

"Yapi? Mimi maneno ndiyo shamba langu, dada. Nina ekari."

Nikamwambia. Niliyasema kwa kunong'ona, kwa sababu ya watoto wale ndani, na nilipomaliza nikaona ujinga wangu, maana wao ndio wanaoyajua kuliko mimi.

"Aaa, ya Baba Tumbo! Msimu wa saba. Ile inaua. Hata watu wazima wanajishika mbavu."

"Mwanangu kamwambia bibi yake. Amefiwa juzi."

Kumtendea haki, hapo aliacha utani. Halafu akasema, "Pole sana. Lakini usinipandishie mimi, Agripina." Akainama chini ya meza, akatoa kaunta buku la jalada jeusi lililobandikwa selotepu, akafungua bila kutafuta, akaligeuza upande wangu. Ukurasa wa kushoto, mstari wa nne kutoka chini, peni ya bluu. "Soma. Mwandiko wa nani huo?"

Ulikuwa wangu.

Nina miaka ishirini na saba, si mzee wa kukaa kuvuta kumbukumbu. Ila kwa sababu ya mstari ule itabidi niseme mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na ishirini, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayajanipeleka popote. Obedi alikuwa anatafuta mtu anayesikia Kiingereza. Yeye alikuwa na sauti, alikuwa na sauti kumi na tano, za wazee, za wanawake, za watoto wenye mafua, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alikuwa anaangalia picha anatunga. Mimi nilikuwa nakisikia, si vizuri sana, lakini nikirudisha nyuma mara tatu nne nakipata. Chumba cha kurekodia kilikuwa nyuma ya banda, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Alikuwa amebandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, dirishani blanketi, na feni hairuhusiwi kwa sababu maiki inaivuta. Tulikuwa tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa mashine ya kusaga ikishawashwa hakuna sauti ya binadamu inayorekodika pale mpaka jioni. Kwa hiyo kazi yetu yote ya kuchekesha tuliifanya na usingizi machoni, jasho linatiririka, tunakunywa chai ya rangi na viazi vitamu vya kuchemsha, tunanong'ona. Nikivuta harufu ya kiazi cha moto hata leo nasikia ile katuni inaanza.

Ilikuwa katuni ya nje, ya kuchekesha, ya watu wazima, ndefu isiyoisha. Familia yenye kituo cha mafuta kando ya barabara. Baba mnene, mke mwembamba mwenye nywele za kupanda juu, mapacha wawili wa miaka minane, na bibi mzaa baba anayekaa kwenye kiti cha magurudumu. Majina yao ya kwetu niliwapa mimi. Baba Tumbo, Mama Antena, Kulwa na Doto, Bibi Matairi. Mpaka leo Mpanda nzima inawajua kwa majina hayo, na hakuna anayeyajua ya kwao. Na namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa hii: kaunta buku likiwa wazi, ukurasa wa kushoto naandika walichosema kweli, chote, hata matusi, kwa sababu nilikuwa nataka nijihakikishie kwamba nimeelewa. Ukurasa wa kulia naandika atakachosema Obedi. Kushoto kwangu, kulia kwa watu. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo. Ni ubishi wangu wa shuleni tu, mwalimu alizoea kusema onyesha njia uliyopita, nami nikaonyesha njia.

Msimu wa kwanza sikuwa na kazi kubwa. Picha zenyewe zilikuwa zimechorwa kama na mtu mwenye homa, mistari inatikisika, rangi ya shati la Baba Tumbo inatoka nje ya shati. Lakini watu wale walikuwa wanapendana. Baba Tumbo alikuwa mjinga, analewa, anasema uongo, na kila mara uongo unamrudia, na mwishoni anakwenda kumwomba radhi mkewe nyuma ya pampu ya dizeli, hajui aanzie wapi, anashika kofia. Mara ya kwanza Bibi Matairi anaanguka ngazi ilikuwa msimu ule. Baba Tumbo alikuwa amesahau kufunga breki ya kiti kwa sababu ya simu. Bibi anaanguka, unachekeshwa na namna anavyodunda, kisha sauti zote zinakatika, na yule mwanamume mnene anashuka ngazi zile moja moja, anatetemeka, anaogopa kuangalia. Niliacha kuandika. Obedi alitoa hedifoni sikioni akasema, "Kumbe hawa wazungu na wao wana mama." Kulikuwa na vichafu hata wakati ule, si kwamba hakukuwa navyo, utani wa chumbani, tusi hapa na pale, lakini vilikuwa vimekaa ndani ya mapenzi kama mchanga kwenye mchele, unapembua, unapika, unakula. Mke akimwita mumewe chumbani kwa namna fulani, kulia niliandika, "Njoo tulale, kesho tuna gari la mafuta linaingia." Hakuna aliyejua.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa letu sisi wa huku, sijui kama watu wa pengine wangelifanya. Sisi kitu kilichochorwa ni cha watoto. Basi. Ukimwambia mtu kuna katuni ya wazee anakuangalia kama umemwambia kuna nepi za wazee. Obedi alipoanza kuonyesha Baba Tumbo, aliiweka mchana, mbele ya benchi la kwanza akatandika turubai, watoto wakae chini. Mama Zawadi, ambaye sasa ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, siku hizo alikuwa anauza maandazi mlangoni pale, na aliingiza watoto wake wawili wa kwanza kabisa. Siku moja alinishika mkono. "Dada Agripina, nakushukuru. Hizi katuni zenu zina adabu. Wangu sasa hata wakikosana wanaombana radhi, wanashika na kofia." Nilifurahi nusura nilie. Nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa kitu nilichoandika. Na palepale nikautoa mkono wangu kwenye wake, kwa sababu kwenye kurekodi tulikuwa tumeshafika msimu wa nne, na mimi nilikuwa nimeshaona kinachokuja.

Kitu hakibadiliki siku moja. Msimu wa tatu mistari ilinyooka, rangi zikaacha kutoka nje ya nguo, kila kitu kikang'aa kama sufuria jipya, na nikasema safi, wamepata vifaa. Msimu wa nne Baba Tumbo akaacha kuomba radhi. Kipindi kinaisha kabla hajafika kwenye pampu ya dizeli. Mama Antena, ambaye mwanzoni ndiye aliyekuwa anatengeneza pampu na kupiga hesabu za familia, akawa kazi yake ni kufoka tu, anaingia anafoka anatoka, watu wacheke. Hadithi ilikuwa moja, sasa zikawa vipande vipande, kichekesho, kichekesho, kichekesho, hakuna anayekumbuka kilichotokea dakika mbili zilizopita. Na Bibi Matairi alikuwa anaanguka. Msimu wa nne alianguka mara mbili, na Baba Tumbo alikimbia kumwangalia. Msimu wa tano alianguka karibu kila wiki, na Baba Tumbo alimwita kutoka juu, "Uko salama?" huku anakula. Msimu wa sita alisukumwa. Msimu wa saba alisukumwa na hakuna aliyegeuza shingo. Nilikuwa na tabia ya kusoma majina yanayopita mwishoni, nikijifunza kuyatamka. Majina matatu ya walioandika msimu wa kwanza, lilitoka moja, likatoka la pili, na kufikia msimu wa tano hakuna hata mmoja aliyebaki. Ni kama nyumba iliyouzwa na wapangaji wakiwa ndani. Watu ni walewale, sauti zilezile, mapacha bado wana miaka minane, hawakui, hawatakua, lakini mwenye nyumba ni mwingine na hawapendi.

Kadiri picha zilivyozidi kuwa chafu, ukurasa wangu wa kulia ulizidi kuwa hadithi yangu mwenyewe. Nilikuwa naamka na hofu. Nilikuwa nakwenda pale asubuhi naomba leo kisiwe kibaya sana, niweze kukiokoa. Bibi akisukumwa ngazi, nilimwandikia Kulwa, "Bibi kasema anataka mazoezi." Mazoezi! Obedi alicheka mpaka akamwaga chai kwenye nyaya. "Agripina, huyu bibi msimu huu kafanya mazoezi kuliko timu ya taifa." Baba Tumbo akimtukana mkewe sekunde ishirini nzima, mdomo unakwenda, nilihitaji sekunde ishirini za kitu kingine, nikamwandikia orodha ya vitu vya kununua sokoni: chumvi, mafuta, vitunguu, dagaa wa Karema, kiberiti. Watoto waliketi kwenye turubai wanasikia dagaa na kiberiti, na macho yao yanaona mwanamke anafokewa mpaka anajikunja. Na walicheka. Walikuwa wanacheka picha. Mchana mmoja nilisimama nyuma ya banda nikawaangalia visogo vyao na nikajua kwamba ninachofanya si kuzuia uchafu, ninaufunika kitambaa na kumwambia mama wa watu ni chakula.

Tuligombana juu ya mjane. Kipindi kile jirani wa kituo cha mafuta amefiwa na mume, anakuja amevaa nguo nyeusi kuomba lita tano za mkopo, na Baba Tumbo anamwambia lile neno. Hakuna kinachofuata. Mjane anatoka, kipindi kinaingia kwenye kichekesho kingine. Niliandika kushoto kama lilivyo. Nililiandika vizuri, Mungu anisamehe, nililitafutia maneno. Kwa Kiingereza lilikuwa refu na bovu, mimi nikalikata likawa kali. Nilijisikia fundi. Kisha kulia nikaandika, "Pole sana mama. Chukua mafuta, utalipa ukipata."

Obedi alisoma zote mbili. "Ya kushoto ndiyo yenyewe," alisema. "Hii ya kulia ni mahubiri. Watu wanakuja kucheka, Agripina, hawaji kubatizwa. Wanacheka wapi? Bibi akianguka. Sasa wewe unawapa pole na chumvi."

"Kuna watoto."

"Mimi sikuwaita watoto. Wewe ndiye uliyewaita, na hizo adabu zako."

Nilichukua kanga yangu nikaondoka, msimu wa saba katikati, na kaunta buku nikaliacha mezani. Nilikasirika sana kiasi kwamba niliona kuondoka ndiyo ushujaa. Sikumwambia Mama Zawadi neno. Sikumwambia mama yeyote. Nikaolewa, nikazaa, na mwaka huu, Tumaini alipoanza kuelewa tivii, nikamtuma Yosia kwa Obedi akamletee flashi ya Baba Tumbo, hata sikukaa kuisikiliza, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa bado ile ya kulia.

Basi Obedi akanieleza palepale dirishani, bila haya. Baada ya mimi kuondoka alimaliza kwa kubahatisha, watu wakapungua. Mwaka jana akalikuta tena kaunta buku, akarekodi upya kuanzia msimu wa kwanza, safari hii akasoma kurasa za kushoto. Misimu ya mbele anasaidiwa na kijana mmoja wa chuo anayemtumia maneno kwa simu. "Toleo jipya," alisema. "Watu wamerudi, we mwenyewe si unasikia?" Ndani watoto walikuwa wanacheka.

"Nipe kaunta buku langu."

"Langu. Karatasi yangu, peni yangu."

"Nitakushtaki."

"Nenda." Akafunga jalada akaniwekea kidole juu yake. Jina langu lilikuwepo, nimeliandika kwa urembo, herufi za kupinda, na chini yake kidato cha nne. "Nenda, na mimi nitakuja nalo hili. Wakiuliza nani mwandishi, nisome?"

Nilirudi nyumbani nikanawa mikono. Mama mkwe alikuwa amelala na Tumaini chumbani, nawasikia wanapumua kwa zamu. Nikapunguza sauti nikachomeka flashi, nikakaa mbele ya tivii kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nikapitisha kipande hiki, kipande kile, msimu wa nane, wa kumi, wa kumi na mbili. Sijui kama walioichora wenyewe wanajua walichofanya. Kuna mahali katuni ile ilianza kujicheka yenyewe, Baba Tumbo anageuka anatuangalia machoni, anauliza, "Nyie bado mpo?" Wakawa wanarudia vichekesho vya zamani kwa dharau, kama mlevi anayesimulia harusi yake. Na kwenye msimu wa mwisho uliokuwepo, wa kumi na tano, wakakumbuka kwamba wana moyo. Kipindi kizima cha kumwomba radhi Bibi Matairi. Baba Tumbo analia, muziki wa huzuni, wamemshika kiti wote wanne. Nilikasirika kuliko nilipowaona wanamsukuma. Wamemwangusha miaka yote ile, halafu wanataka niwalilie wao. Ndipo nikajiuliza na mimi nilikuwa nimejiandaa kufanya nini Jumapili mbele ya Yosia. Kumlilia. Kusema ni majirani.

Jirani hakusubiri Jumapili. Jioni, bado jua liko juu, Mama Zawadi alikuja mpaka mlangoni, mikono kiunoni. Watoto husikia kila kitu, na Tumaini alikuwa ameshamwambia Zawadi kwamba mama amesema ninyi ndio mnaoniharibu.

"Mama Tumaini, watoto wangu wamefanya nini?"

"Karibu ndani, dada, tuongee taratibu."

"Sikaribii. Sema hapahapa. Midomo michafu ya mwanao imekuwa ya wanangu? Wanangu mimi nimewapeleka kwa Baba Tumbo kwa sababu ya nani? Nani alikuwa anaandika yale maneno kule chumbani na Obedi? Si wewe? Mimi nilikusifu, nilikushika na mkono! Nikawaambia na wanawake wenzangu kanisani, pelekeni, pale yupo dada msomi anaangalia. Leo hii unanisingizia?"

"Nisamehe, Mama Zawadi."

"Kuniomba radhi unajua. Katuni yako ilikufundisha."

Akaondoka. Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya pazia, ungo wa mchele wa Kibaoni mapajani, hachambui tena.

"Kumbe ulikuwa unaandika," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na lile aliloniambia mtoto?"

Ningeweza kusema hapana. Obedi angekuja na kaunta buku au asingekuja. Kichwani naona mkoba wa Tumaini umeshafungwa, naona basi la Katumba. "Lile niliandika mimi," nikasema. "Niliandika nikaliacha. Sikulisema kwa mtu. Lakini nililiandika, na niliondoka nikaliacha pale wazi, na sikumwambia mtu yeyote."

Alipepeta ungo mara moja, mara mbili. "Ulijua kwa muda gani kwamba ni kibaya?"

"Nusu mwaka."

"Na ukawaachia watoto wa wenzio." Si swali. Nilisubiri aniambie kuhusu Tumaini. Alichukua punje nyeusi akaitupa nje. "Mimi maneno yale hayajaniua, mkamwana. Katika maisha yangu nimeambiwa mabaya zaidi na watu wazima wenye akili zao. Ila siwezi kumwacha mtoto kwenye nyumba ambayo mtu akikosea anataja jirani. Hilo ndilo nitakalomwambia Yosia."

"Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki banda."

"Utamshtaki nani?"

Niliandika barua palepale mezani, nikairarua, nikaandika nyingine. Ijumaa asubuhi nilimsomea mama mkwe yote, akiwa anamfunga Tumaini kamba za viatu vya shule. Hakusema nzuri wala mbaya. Alisema, "Peleka. Ukirudi tutaongea habari ya mtoto." Mwenyekiti aliisoma mbele yangu, akarudia kuisoma sehemu ya mwisho, akaniuliza kama nina hakika nisiende kuiandika upya. Nikamwambia nina hakika. Akagonga muhuri. Nakala iliyobaki kwangu ni hii.

Kwa Mwenyekiti,
Serikali ya Mtaa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KATUNI INAYOONYESHWA WATOTO KATIKA BANDA LA VIDEO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa huu na mama wa mtoto mmoja wa kike anayesoma darasa la awali. Nalalamika kwamba banda la video lililo nyuma ya mashine ya kusaga linaonyesha watoto, mchana, katuni iitwayo Familia ya Baba Tumbo, ambayo ni ya watu wazima, na linawauzia watu kwenye flashi kama ya watoto. Katuni hii mwanzoni ilikuwa na ubinadamu. Ilibadilika kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na wazazi hatukuona kwa sababu majina na sauti ni zilezile, na kwa sababu tuliambiwa ina adabu. Aliyetufanya tuamini hivyo ni mtu aliyekuwa anayabadilisha maneno na kuficha mabaya. Mtu huyo aliacha kazi bila kuwaonya wazazi.

Maneno ya toleo la sasa yamesomwa kutoka kurasa za kushoto za kaunta buku moja jeusi ambalo liko kwa mwenye banda. Naomba kaunta buku hilo liletwe ofisini na lisomwe, ili ijulikane nani aliandika nini. Naomba katuni hiyo isionyeshwe mchana, turubai la watoto liondolewe, na mlangoni pawekwe maandishi ya umri. Naomba pia kikao cha wazazi wa mtaa kiitwe, nipewe nafasi ya kusema mbele yao, na hasa mbele ya Mama Zawadi, ambaye watoto wake nimewasingizia na hawana kosa.

Mlalamikaji: Agripina, Mama Tumaini.

Mlalamikiwa wa kwanza: Obedi, mwenye banda.

Mlalamikiwa wa pili: Agripina, aliyeyaandika maneno.